Mahali Mkondo Unapogawanyika

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Masasi, na mwanamke aliyekuwa akiwapanga watu kwenye mikeka aliniinamia akaniuliza taratibu, "Samahani mama, wewe nani wa marehemu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Chumba cha ndani alikolazwa marehemu waliingia watoto, wajukuu na ndugu wa damu tu, na sura yangu haikuwa ya upande wowote. Nikayapima majibu kichwani. Si mtoto wake. Si ndugu yake. Mkwe ni yule aliyeolewa, na mimi kwa mwanawe sikuwahi kuolewa. Mwishowe binti wa marehemu, Zainabu, aliniona akiwa mlangoni, akasema, "Huyo mpisheni, ni wetu." Nikapishwa, nikaingia, nikakaa kwenye jamvi karibu na miguu ya Mama Selemani, nikaushika unyayo wake juu ya shuka. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Nimevuka hamsini, nina mume na watoto wanaojitegemea, na watu wanaoniita Mwalimu Sofia barabarani ni wengi kuliko ninaowakumbuka. Lakini tangu siku ile nikiamka huwa niko kwenye mwaka mmoja tu, ule mwaka wa Elinino, na ninaona niuandike sasa kwa kuwa yule niliyekuwa nikiukumbuka pamoja naye hayupo tena.

Nilikuwa mwalimu mpya wa jiografia katika shule moja ya sekondari Newala. Nyumba niliyopewa ilikuwa na vyumba viwili, nikikaa na mwalimu mwenzangu wa kike, na nyuma yake jiko la bati bovu na pipa la kukinga maji ya mvua. Watu wa uwanda ule wa juu wanayajua maji. Miaka mingi wanawake walishuka na ndoo mpaka bondeni na kupanda nazo kichwani, na mgeni aliyeoga asubuhi na jioni alisemwa mtaa mzima. Lakini mwaka ule mvua haikujua kukoma. Mapipa yalifurika, mchanga mwekundu ukageuka tope, malori ya kwenda Mtwara yakalala njiani, na ukungu ulikaa milangoni hata wakati wa kipindi cha pili. Redio ilisema bahari imepata joto kupita kawaida, ndiyo maana. Katika chumba cha walimu watu walicheka. "Bahari ipate joto huko ng'ambo, mvua inyeshe Newala?" alisema mmoja wao, akikamua soksi zake dirishani. "Hawa wa redio wanatuona watoto."

Ambaye hakucheka ni Selemani. Alikuwa anafundisha baiolojia, mtu wa Msimbati, kule chini kabisa pwani karibu na mdomo wa Ruvuma. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyekua akiogelea, na alikuwa na tabia ya kuja jikoni kwetu asubuhi kabla ya kengele akidai kwamba uji wa kwao wanaume unanuka moshi. Tulijua wote alichofuata. Siku moja nilikuwa nimeuacha uji kwenye sufuria unga ukatuama, akanizuia mkono nilipotaka kukoroga. "Subiri kwanza. Tazama. Juu maji matupu, chini ndiko kwenye chakula. Bahari iko hivihivi. Kila kinachokufa kinazama, na rutuba yote inalala chini, kwenye baridi na giza. Juu kuna jua lakini hakuna cha kula."

"Na mkorogaji ni nani?" nikamuuliza.

"Mkondo," akasema, akachukua mwiko. Ndipo akanieleza, akiwa amechuchumaa pale kwenye mafiga, jambo ambalo mimi mwenye shahada ya jiografia nililisoma kama mshale mwekundu kwenye ramani na kulisahau baada ya mtihani. Kuna mkondo mkubwa unaotoka mbali mashariki, unavuka bahari nzima bila kukutana na nchi kavu isipokuwa ncha ya Madagaska, na unakuja kujigonga kwenye pwani yetu, karibu na kwao. Hapo unagawanyika. Mkono mmoja unapanda kaskazini, Lindi, Kilwa, Mafia mpaka Kenya. Mkono mwingine unateremka kusini, Msumbiji. Na bara, akasema, haliishii ufukoni. Linaendelea chini ya maji kama baraza la nyumba, halafu linakatika ghafla. Kuna nchi zenye baraza pana, meli husafiri siku nzima juu yake. La kwetu ni jembamba. Mkondo ukipita kwa nguvu kwenye ukingo wake, maji ya baridi yanavutwa kutoka chini, yanapanda barazani na rutuba yake, na hapo vijimea visivyoonekana vinaota, dagaa wanavifuata, na samaki wakubwa wanawafuata dagaa. "Mama yangu ananika dagaa," alisema. "Mimi nimesomeshwa na maji ya baridi."

Nikamwambia uji unapoa. Alicheka, akanywa vikombe viwili. Nadhani ni siku hiyo nilipojua kwamba nitaolewa naye, ingawa posa ilikuja baadaye kidogo, ikapokelewa, na harusi ikapangwa baada ya korosho kuvunwa.

Mvua zilipokuwa zikiishia, wakati wa likizo, Selemani alipata nafasi ya kusaidia watafiti waliokuja Msimbati kupima joto la maji na kuangalia matumbawe. Kiongozi wao alikuwa Dokta Kweka, mtu wa Kilimanjaro, mpole, mwenye kitambi kidogo na miwani iliyofungwa kwa uzi ili isianguke majini. Selemani aliniomba niende naye nikamjue mama yake vizuri kabla ya harusi. Nikaenda. Mama Selemani alinipokea uani akiwa ameinamia vichanja vyake vya kuanikia, vitupu, mbao zimekauka na kuwa nyeupe. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba nkwe wangu, karibu nyumba yenye njaa." Alisema *nkwe*, si mkwe, kwa ile *n* ya watu wa kusini, na hakuniita jina lingine mpaka anakufa.

Nyumba ilikuwa ya chumba cha mbele, ukumbi na chumba cha nyuma, na nililala chumba cha nyuma na yeye na Zainabu, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa shule. Mazungumzo yote yalikuwa juu ya dagaa. Wanawake walipita jioni kuazimana chumvi wakisimama mlangoni muda mrefu. Mmoja alisema bahari imekasirika. Mwingine alisema alikwenda mwambani kutafuta pweza akakuta mawe yamegeuka meupe, yote, kama nyumba iliyopakwa chokaa, akarudi mbio bila kushika kitu. "Ni matumbawe, mama," Selemani aliwaambia. "Ni wanyama, yana uhai. Maji yakizidi joto yanapauka." Mama yake akauliza yatapona lini. Selemani akaitazama bahari. Alisema maji ya joto yamelala juu kama blanketi na yale ya chini yanashindwa kupanda, na kwamba mengine yatapona na mengine yameshakufa. Tulikula ugali wa muhogo na mchicha siku ile, na siku zilizofuata. Katika nyumba ya ufukweni hakukuwa na samaki hata wa kuonja.

Kazi ya watafiti ilikuwa nzuri kuitazama. Asubuhi walitoka na mashua yenye injini, wakateremsha vipimajoto kwa kamba, na Selemani alivaa miwani ya mbizi na mapezi ya mpira miguuni, akaelea kifudifudi juu ya mwamba akihesabu matumbawe yaliyopauka. Pia walikuwa wanachunguza mkondo unakoelekea. Kwa hilo hawakuwa na chombo cha maana, kwa hiyo walikata vipande vya ubao, wakavipaka rangi nyekundu, wakaviandika namba, wakawa wanavitupa nje ya mwamba na kutuma habari vijiji vya pwani kwamba atakayeviokota atoe taarifa. Mimi ndiye niliyemsaidia Selemani kupaka vile vya mwisho, asubuhi, barazani kwa mama yake. Nilipaka, yeye akaandika. Saba yake aliipiga kistari katikati. Nikamtania kwamba anaandika kama mkoloni. Akanipaka rangi puani.

Akaenda. Mimi na mama yake tulikuwa tunapeta mchele uani, mahali ambapo bahari inaonekana kati ya minazi miwili. Mashua tuliiona ikiwa nje ya mwamba, imesimama, halafu ikaanza kwenda. Mama Selemani alinyanyua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Mbona inazunguka?" akauliza.

Nikatazama. Ilikuwa inazunguka kweli, duara dogo, halafu kubwa zaidi, halafu ikaenda moja kwa moja mbali, ikarudi. Nilisema labda wameangusha chombo. Aliendelea kuitazama. Kisha aliuweka ungo chini kwa uangalifu, mchele usimwagike, akatembea mpaka ufukweni na kuingia majini na kanga zake mpaka kiunoni, na hapo akasimama.

Dokta Kweka alitusimulia baadaye, na alisimulia kila mara kwa maneno yaleyale kama mtu anayeogopa kubadilisha kitu. Walikuwa wametupa mbao. Selemani akashuka kuhesabu ukingoni, pale baraza linapokatika. Maji yalikuwa ya kioo, hakuna wimbi la kutisha. Alinyanyua mkono mara moja kuonyesha yuko salama. Kisha alikuwa mbali kuliko ilivyofaa. Waliwasha injini, ikakataa, ikakubali, na walipofika pale hawakuona kitu. Chini ya maji yale tulivu mkondo ulikuwa unakwenda kama mto. Walimtafuta mpaka mafuta yakakaribia kwisha, na vyombo vingine vya kijiji vikatoka, na kesho yake, na keshokutwa.

Sikumbuki nilichofanya siku zile. Nakumbuka mambo ya pembeni: kwamba mtu alinivua viatu, kwamba Zainabu aliupika ule mchele na hakuna aliyeugusa, kwamba rangi nyekundu ilikuwa bado puani na sikutaka kuiosha. Lakini siku aliyokuja Dokta Kweka kuaga naikumbuka neno kwa neno. Alikaa kwenye kigoda uani, miwani yake mikononi. Mama Selemani alikaa mbele yake, chini, amenyoosha miguu.

"Dokta, wewe ndiye unayeyajua maji," akamwambia.

"Najifunza, mama."

"Basi niambie. Mwanangu ameelekea wapi?"

Dokta alianza kusema pole, akasema Mungu, mama akamkata. "Hayo nimeshaambiwa. Nakuuliza maji."

Basi akamjibu. Alimheshimu kwa kumjibu, na kwa hilo nimemheshimu mpaka leo. Alisema mkondo unaotoka mashariki unagawanyika karibu na hapa, lakini mahali unapogawanyika hapatulii. Panapanda na kushuka kwa kufuata majira na pepo, na mwaka huu kila kitu kimekwenda kombo. Kama mkondo ulimpokea upande huu, atakuwa amekwenda Mtwara, Lindi, pengine Kilwa. Kama ulimpokea upande ule, atakuwa amevuka mdomo wa Ruvuma kwenda Msumbiji.

"Na wewe unaona upande gani?"

"Mara nyingi ni kaskazini, mama." Akaigeuza miwani mikononi. "Lakini siku ile sijui. Naapa sijui." Akavaa miwani, akaivua tena, akalia kama mtoto, na Mama Selemani ndiye aliyemshika bega.

Wakaenda kaskazini. Wajomba na majirani walipita kijiji kwa kijiji wakiuliza. Hakuna aliyeona. Masheikh wakashauri iswaliwe sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na tanga livunjwe. Sala ikaswaliwa, lakini Mama Selemani alikataa kuvunja tanga. Alisema hajamzika mtu. Mimi nikarudishwa Newala, shule ilikuwa imefungua, na nilifundisha. Watu hushangaa nikisema hivyo. Nilisimama mbele ya ubao nikasema milima, mito, hali ya hewa, na wasichana wakaandika. Katika chumba cha walimu watu waliacha kucheka nilipoingia, na hilo lilinichoma kuliko kama wangeendelea. Jikoni nilishindwa kupika uji. Mwenzangu alianza kutupikia viazi asubuhi na hakunieleza kwa nini, na sikumuuliza.

Ubao niliuona sokoni Newala, wakati wa ufuta. Wanawake wa Kimakonde wa upande wa pili wa Ruvuma huwa wanavuka kuja kuuza, na mmoja wao alikuwa amekaa na gunia lake, akipima ufuta kwa kopo na kusawazisha mdomo wa kopo kwa kipande cha ubao mwekundu. Nilikuwa nimeshampita. Nikarudi. Rangi ilikuwa imepauka, lakini namba ilisomeka, na ndani yake kulikuwa na saba yenye kistari katikati.

Nilimwuliza kwa Chimakonde, lugha niliyokulia, ameupata wapi. Aliona nilivyoshika gunia lake, akaogopa, akadhani ni mali yangu anayodaiwa. "Chukua tu," akasema. "Dada yangu ameolewa pwani, kusini ya mto. Bahari ilitupa mbao hizi huko, watoto wakaokota, wanachezea." Nikamwuliza kama bahari ilitupa kitu kingine. Aliniangalia usoni, nadhani akaelewa hapo. Alishusha sauti. Alisema dada yake aliwahi kusema kuna mtu, walimzika. Hakujua zaidi. Kisha akaniambia, kama anayeniomba radhi, kwamba mtu yule mguu wake mmoja ulikuwa kama wa bata.

Nilikaa chini pale kwenye vumbi la soko. Yule mama aliacha wateja wake, akavua kanga yake moja akanifunika mabegani, na akaketi nami. Mbao za namba zile zilitupwa asubuhi ileile, mahali palepale, dakika chache kabla yake. Mkondo ulikuwa umejibu swali la Mama Selemani, na ulikuwa umelijibu mapema, ukimngoja mtu wa kusoma.

Nilishuka Msimbati kwa lori la ufuta. Nilimkuta mama uani. Sikujua nianze vipi, kwa hiyo nikampa ubao. Hakuwa anajua kusoma, lakini alipitisha kidole juu ya namba, taratibu, kama anayefuata mshono, akauliza, "Upande gani?" Nikamwambia kusini. Aliingia ndani, akatoka amevaa kanga mpya.

Tulivuka Ruvuma kwa mtumbwi, mimi na yeye na mjomba mmoja wa Selemani, karibu na mahali maji matamu yanapokutana na ya chumvi. Mto ulikuwa bado mpana kwa mvua zile, wa rangi ya chai ya maziwa, na mpiga kasia alitusihi tusiongee kwa sababu ya viboko. Upande wa pili tulitembea, tukalala kwa watu, tukatembea tena. Kila kijiji nilieleza kwa Chimakonde, na wasiojua Chimakonde mama aliwaeleza kwa Kiswahili chake na wao wakajibu kwa Kimwani chao, lugha ya pwani ile, wakaelewana. Njiani alinisimulia mambo ya Selemani ambayo mke huambiwa pole pole kwa miaka: kwamba alichelewa kutembea, kwamba aliogopa kuku, kwamba alipokwenda jandoni alilia na kumkataza mama asimwambie mtu. Alikuwa ananipa yote kwa mara moja. Nilipokea.

Aliyemwona alikuwa Bi Rabia, mwanamke wa makamo, alikuwa ameenda ufukweni kuokota chaza. Alitusimulia akisimama, amekunja mikono, macho chini. Alisema hakuwa wa kutazamwa, kwa hiyo hakumtazama, alimfunika kwa kanga aliyovaa na kuwaita wanaume. Walimwosha walivyoweza. Walimsitiri kama wanavyowasitiri watu wao. Lile pezi la mpira walilivua na kulihifadhi kwa kuwa waliona ni amana ya watu, na akaingia ndani akalileta, limefungwa kwenye kipande cha kitambaa safi. Mama Selemani alilipokea kwa mikono miwili, akamwambia Bi Rabia, "Umemvulia mwanangu nguo yako." Wakakumbatiana pale, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilia kwa sauti.

Kaburi lilikuwa mwisho wa makaburi yao, kwenye mchanga, limezungushiwa vipande vya matumbawe meupe. Mjomba akauliza kama tungependa kumhamisha. Mama akakataa. Alisema waliomzika walikuwa na mikono mizuri. Kisha akamgeukia mwalimu wa madrasa wa kijiji kile, kijana bado, akamwuliza, "Mlipomsomea talakini, mlimwita nani?" Kwetu maiti akishazikwa huitwa kwa jina lake na la mama yake. Yule mwalimu aliona haya kidogo. "Hatukumjua, mama. Tulimwita mja wa Mungu, mwana wa Hawa. Asiyejulikana mama yake huwa tunamwita hivyo, kwa kuwa Hawa ni mama wa wote."

"Mmefanya vizuri," akasema Mama Selemani. "Lakini mama yake amekuja. Mwiteni tena."

Akasomewa tena. Upepo ulikuwa mkali, maneno yakawa yanakatika, lakini nilisikia vizuri yule kijana alipoinama na kusema, "Ewe Selemani, mwana wa Mwanaisha." Mama yake alikuwa amekaa mbali kidogo na wanawake, ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesikiliza kama kuna atakayeitika.

Hatukurudi tena kule. Kwanza ilikuwa umbali, kisha magoti yake, kisha miaka ya karibuni yakaja mapigano ya upande wa pili, watu wakivuka mto na watoto mgongoni. Niliwatafuta waliofika upande wetu, nikawauliza kijiji kile. Mmoja aliniambia kimeungua. Habari za Bi Rabia sikupata. Mama Selemani sikumwambia, na yeye, ambaye kila mwaka alikuwa akiniuliza tutakwenda lini, aliacha kuniuliza, kwa hiyo nafikiri alijua. Amezikwa Masasi kwenye udongo mgumu wa milima ya mawe, mbali na maji yoyote, kwa kuwa Zainabu ameolewa na kuajiriwa huko.

Lakini mwaka ule ulikuwa haujaisha. Tuliporudi kutoka kaburini Mama Selemani alivunja tanga, watu wakala, wakatawanyika, na baada ya siku chache akamwacha Zainabu kwa mjomba amalize shule, akaja kwangu Newala na mkoba mmoja. Alisema hawezi kuyatazama maji kila anapofungua mlango. Mwenzangu, tuliyekuwa tukilala chumba kimoja, akampisha, akahamia chumba cha pili, na Mama Selemani akalala kitandani kwangu na mimi mkekani, kisha tukabadilishana, kisha tukawa tunalala wote kitandani. Alizoea baridi ya Newala. Alijifunza kuchimba ming'oko, viazi vya porini, na wanawake wa mtaani na akaisifia. Samaki hakula. Jirani akikaanga, alifunga dirisha. Jioni alikuwa ananiuliza juu ya maji: yanapoa lini, blanketi linaondoka vipi, matumbawe yanachukua muda gani. Nilimjibu kwa yale niliyoyajua, na niliyokuwa siyajui nilimwandikia Dokta Kweka. Alinijibu kila mara. Aliandika kwamba kusi lilipovuma liliyakoroga maji vizuri, joto linashuka, na kwamba mwamba utachukua miaka mingi. Usiku mmoja Mama Selemani aliniambia gizani, bila utangulizi, "Korosho zikishavunwa, mtu akikuposa, ukubali." Nilikasirika, nikamgeuzia mgongo. Akaweka mkono wake mgongoni kwangu na kuuacha pale. Nilikubali, miaka kadhaa baadaye, na siku ya harusi yangu ndiye aliyenifunga kanga.

Dagaa walirudi korosho zilipoanza kuanguka. Tulikwenda sokoni kununua mafuta ya taa, tukaisikia harufu kabla ya kuona. Lori lilikuwa limeingia kutoka Mtwara, na wachuuzi walikuwa wanamwaga magunia juu ya maturubai, dagaa wakavu, wa fedha, marundo yaliyofika magotini, na watu wanasukumana wakicheka kama siku ya sikukuu. "Bahari imepona!" alipiga kelele kijana mmoja juu ya lori. "Njooni mle, bahari imepona!" Nilimshika Mama Selemani mkono ili tuondoke. Hakuondoka. Alisimama mbele ya rundo muda mrefu, akachukua dagaa mmoja, akamvunja kichwa kwa kucha kama mtu wa kazi yake, akamnusa, akasema wamekauka vizuri. Akawaambia wampimie.

Aliwapika mwenyewe, kwa nazi na pilipili, na ugali wa muhogo. Tulikaa jikoni, kila mmoja kwenye kigoda chake, bakuli katikati yetu. Nilisubiri aanze yeye. Alimega tonge, akachovya, akaweka mdomoni, akatafuna, na machozi yakawa yanamtiririka mpaka kidevuni wala hakuyafuta.

"Watamu?" nikamuuliza.

"Watamu," akasema. "Kula, nkwe wangu." Akamega tena.